Niliandika "hapana" kwenye fomu ya bima ya mama

Naandika hii kwa ajili yenu mlio na mzee nyumbani alafu kuna ndugu yuko nje anasema mleteni mama huku apumzike kidogo, amuone mjukuu. Sisi tulimpeleka. Kosa kubwa kwenye safari ile nililifanya mimi, kwa mkono wangu, kwenye ofisi ya bima hapa Arusha mjini, na halikunichukua hata dakika moja.

Mama sa hivi ana miaka 73. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi kwetu Kibosho, ana kihamba chake cha migomba na kahawa kidogo na ng'ombe wa maziwa. Anapanda kile kilima kutoka kanisani bila kupumzika, ukimuona huwezi kusema ana ugonjwa wowote. Ila ana presha tangu 2011. Anameza amlodipine asubuhi na losartan jioni, na kila mwezi anashuka Moshi mjini kliniki kupimwa na kuchukua dawa zake kwa kadi ya wastaafu ya NHIF, ile bima ya afya ya taifa. Ile kadi anaitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Biblia, maana anajua thamani yake, baba alivyougua tuliona wenyewe ilivyotuokoa.

Dada yangu mkubwa anaishi Ujerumani, mji unaitwa Mainz, karibu na Frankfurt, kaolewa huko. Mwaka 2024 alipata mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 39, na jamani mnajua mama wa Kichaga na uzazi wa binti yake, hakuna namna asiende. Kaka yupo Dodoma, mimi kitinda mimba ndio niko karibu hapa Arusha, kwaio mipango yote ya safari ikaangukia kwangu.

Visa tuliyoomba ni ile ya Schengen ya kutembelea, unaruhusiwa kukaa siku 90 tu ndani ya siku 180. Ada yake ilikuwa imepanda mwezi Juni mwaka huo huo kutoka euro 80 kwenda 90. Dada naye ilibidi aende ofisi ya uhamiaji ya kule kusaini karatasi ya dhamana, wenyewe wanaiita Verpflichtungserklärung. Nawaomba mlishike hilo jina, ntalirudia. Wakati ule sisi tuliliona kama fomu tu ya mwaliko.

Kwenye orodha ya vitu vinavyotakiwa kulikuwa na bima ya safari ya angalau euro 30,000, inayolipia matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani mtu akiugua au akifariki. Mama akaniuliza, "Mwanangu, si kadi yangu ninayo?" Na mimi kwa kweli sikuwa na uhakika, nikapita ofisi za NHIF kuuliza. Dada wa kaunta alinielewesha vizuri kabisa, kwamba ile kadi inafanya kazi kwenye vituo vilivyosajiliwa nchi nzima, mama akienda Dodoma kwa kaka atatibiwa, akienda Mwanza atatibiwa, lakini akishavuka mpaka imeishia hapo. Hata Namanga tu, mpakani na Kenya, ukishagonga mhuri upande wa pili ile kadi inabaki kitambulisho. Na wala usitegemee ya jirani, Wakenya nao wana ya kwao, walikuwa na NHIF yao ikaja kubadilishwa ikawa SHA kuanzia Oktoba 2024, mgeni wa wiki moja haimhusu.

Basi nikaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza niliposema miaka 72 yule kijana akafunga daftari, akasema wao mwisho ni 70. Ya pili wanachukua mpaka 75 ila ukishavuka 65 bei inaanza kupanda. Ya tatu ndio nikakaa. Wakala alikuwa mtu mzuri, mpole, ana haraka kidogo kwasababu kulikuwa na watu wa bima za magari wamepanga foleni nyuma yangu. Akajaza jina, namba ya pasi, tarehe za kwenda na kurudi, alafu akanigeuzia fomu kwenye lile swali la kama msafiri ana ugonjwa wowote wa muda mrefu au anatumia dawa za kila siku.

Nikamwambia ana presha kidogo. Akaniangalia akasema, dada yangu, ukiandika ndio basi itabidi ulete ripoti ya daktari, tuitume makao makuu, wanaweza kuchukua wiki, na bei haitakuwa hii ya 185,000, itakuwa kama 410,000. Alafu akaongeza kwamba kwani ana presha ya kulazwa? Nikasema hapana, hajawahi kulazwa. Akanyamaza. Hakuniambia nidanganye, hilo niliseme wazi, alinyamaza tu na mimi nikachukua kalamu nikaandika "hapana", nikasaini kwa niaba ya mama, nikalipa kwa simu, nikatoka na cheti chenye mhuri na kimeandikwa EUR 30,000 kwa herufi kubwa.

Kichwani nilikuwa nimeshajipa sababu zote. Kwanza nimeokoa 225,000, pili miadi ya visa Dar ilikuwa wiki inayofuata na nilishakata tiketi za basi, tatu presha kila mzee anayo. Na ile 30,000 nikaizidisha kwa shilingi za wakati ule nikaona inakaribia milioni 90, nikasema mama yangu amekingwa kuliko mtu yeyote ukoo mzima. Sikujua kwamba kile kiwango ni ukomo tu. Yaani ni mwisho wa watakachoweza kulipa kama wakikubali kulipa, na kukubali kwenyewe kunaamuliwa na yale maandishi madogo ya kurasa za ndani ambayo sikuyasoma hata mstari.

Visa ikatoka. Tarehe 14 Septemba 2024 tukampeleka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ndege ya kupitia Addis Ababa mpaka Frankfurt. Niliomba kiti cha magurudumu wakati nakata tiketi, hiki ni kitu kimoja nilichofanya sawa, ni bure na mtu wao anamsukuma mzee kutoka mlangoni mpaka kwenye ndege ya pili, mama hakupotea Addis wala hakusimama foleni. Ukiwa na mzee anayebadilisha ndege omba hiyo hata kama anatembea vizuri.

Dawa sasa. Kliniki walimpa za mwezi mmoja kama kawaida, vidonge 30 na 30. Mi nilijua ana za mwezi, na nilijua anakaa karibu miezi mitatu, na sijui akili yangu ilikuwa wapi nikasema zikiisha dada atamnunulia. Dada naye hakujua kama mama ana dawa za kuhesabu. Mama ndio alijua, na mama akafanya anachofanya mama kila siku maishani mwake, akaona asisumbue mtu. Alipoona zimebaki chache akaanza kumeza siku moja anaruka moja, baadae anaruka mbili. Alikuwa anasikia dada na shemeji wanavyoongelea hela za nepi na kodi ya nyumba na akaamua mwenyewe moyoni kwamba dawa za huko lazima ni ghali.

Nilikuja kuuliza baadae. Kumuona daktari wa kawaida pale mtaani kwao bila bima ya kwao pamoja na dawa za presha za miezi mitatu isingefika hata euro 70. Sabini. Hiyo namba bado inanikaa kooni.

Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba, huku saa tano kasoro usiku, kwao saa nne kasoro, dada akanipigia video analia. Mama alikuwa anakula supu kijiko kikamdondoka, dada akadhani amechoka, akamuuliza kitu mama akajibu maneno hayaeleweki, mdomo umevutika upande mmoja. Shemeji akapiga 112, hiyo ndio namba yao ya dharura, ambulensi ikafika kabla hata hajamaliza kueleza. Walipompima presha ilikuwa 214 kwa 118.

Sijui niseme nini kuhusu ule usiku. Nilikaa sebuleni kwangu Njiro, hapa Arusha, na simu mkononi inachajiwa mpaka kukakucha. Kaka akawa anapiga kutoka Dodoma kila nusu saa. Saa kumi na moja asubuhi dada akatuma ujumbe kwamba mama anaongea, mdomo umerudi, mkono unafanya kazi. Ilikuwa kiharusi kidogo, kile kinachokuja na kupita chenyewe, ila madaktari walisema haruhusiwi kurudi nyumbani, lazima akae wodi ya kiharusi aangaliwe masaa yote, apigwe picha za kichwa, mishipa ya shingo, moyo. Alikaa siku nne usiku nne. Namshukuru Mungu na nawashukuru wale madaktari, mama alitoka anatembea.

Bima sasa ikaanza.

Siku ya pili yake mchana ndio mtu wa kwanza alikumbuka bima. Cheti kilikuwa kwenye begi la mama chini ya vitenge, mi nilikuwa na kopi kwenye email. Nilipokifungua kukisoma kwa mara ya kwanza nikaona kuna namba ya simu ya kupiga masaa 24, kampuni ya nje ambayo ndio inasimamia wagonjwa wakiwa safarini, na mkataba unasema akilazwa lazima wapewe taarifa ndani ya masaa 24. Tulikuwa kwenye saa la kumi na saba hivi, tukawahi. Wakapokea vizuri, wakafungua faili, wakauliza jina la hospitali, wakasema watawasiliana nao. Nikashusha pumzi.

Siku ya tatu wakaomba historia ya matibabu ya mama ya miaka mitano kutoka anakotibiwa Tanzania. Hapo nikajua. Niliisoma ile email nikakaa kwenye gari nje ya ofisi nisiweze kushuka. Kwasababu mama mwenyewe, alipoulizwa na daktari usiku ule anatumia dawa gani, alisema ukweli, tena kwa Kiswahili dada akitafsiri, kwamba ana presha tangu 2011 na dawa zimemuishia. Ikaandikwa kwenye faili la hospitali. Na huwezi kumwambia mgonjwa wa kiharusi adanganye daktari, na hata kama ingewezekana nisingekubali, maana hapo ndio ningemuua kabisa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari, haukutajwa kwenye fomu, madai hayalipwi. Barua ya aya tatu.

Nilitaka kupigana. Rafiki yangu mwanasheria aliniambia kuna njia, kuna TIRA ambao ndio wasimamizi wa bima nchini, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambako unaweza kupeleka kesi bila kwenda mahakamani, na ukionewa kweli usiache kwenda. Ila alinisomea ile fomu akaniuliza, huu mwandiko ni wa nani? Nikasema wangu. Akaniambia bima inasimama kwenye uaminifu wa pande zote mbili, wao hawawezi kuingia ndani ya mwili wa mama yako kujua, wanategemea ulichoandika, na hapa umeandika hapana. Sikwenda popote.

Bili zilikuwa mbili. Hospitali kule hawakuhesabii kitanda kwa usiku tu, wanatoza kwa aina ya kesi, kwaio hata angekaa siku moja pungufu isingeshuka sana. Hospitali euro 5,912 na ambulensi euro 478. Jumla 6,390, kwa shilingi ya wakati ule ni karibu milioni 19. Kwa 225,000 niliyookoa.

Na hapa ndio lile jina refu la Kijerumani linarudi. Ile karatasi aliyosaini dada maana yake ni kwamba gharama yoyote ya mgeni wake akiwa kule, pamoja na matibabu, ni yake. Dada hakuwa na mahali pa kukimbilia, yuko kwenye likizo ya uzazi, kipato kimepungua, ana mtoto wa miezi miwili. Alienda hospitali akaongea nao wakakubali alipe kidogo kidogo. Kama una ndugu anakualikia mzee muelezeni kabisa anachosaini, wengi wanasaini wakijua ni barua ya mwaliko.

Tulifanya kikao cha familia kwenye grupu la WhatsApp, nikawaambia ukweli wote, kwamba ni mimi niliandika. Nilitegemea kaka anitukane. Akanyamaza muda mrefu alafu akaandika, "tutatoa". Akatoa milioni 3, mi nikatoa milioni 2 niliyokuwa naweka ya kumalizia jiko, dada akabaki na iliyobaki euro 200 kila mwezi kuanzia Januari 2025. Hatukumwambia mama kiasi. Lakini mama ni mwalimu, alimsikia dada akiongea na shemeji jikoni akapiga hesabu mwenyewe. Aliporudi Desemba, wiki ya pili tu, jirani akanipigia kuniuliza mbona mama kauza ng'ombe. Aliuza yule mkubwa, milioni moja na laki nne, akamtumia kaka aitume kwa dada, akamkataza asiniambie.

Nilipanda Kibosho Jumapili ile, nikamsalimia, akaitika, akaniwekea chai. Nikamuomba msamaha. Akaniambia, "Mngeniacha tu nyumbani mwanangu, ningemuona mtoto kwenye simu." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Kwaio ntawaeleza sasa nilichokuja kujua baadae, nimekaa na mawakala wanne tofauti na kusoma mikataba mpaka macho yakauma, kwasababu niliapa mama atasafiri tena na safari hiyo sitakosea.

Ugonjwa wa muda mrefu unaandikwa. Presha, sukari, pumu, tezi dume, operesheni ya zamani ya goti, vyote. Kuna kampuni zitakataa, mshukuru na uende nyingine. Kuna zitakubali lakini zitasema ugonjwa huo hatulipii, yaani akivunjika mguu wanalipa, akipata malaria wanalipa, presha ikipanda ni juu yako, na hiyo nayo ukiijua mapema inasaidia kwasababu unaweka akiba pembeni. Na kuna chache zinalipia dharura ya ugonjwa wa zamani kwa kiwango kidogo kuliko kile kikubwa kilichoandikwa mbele ya cheti, mara nyingi kwa sharti kwamba ugonjwa ulikuwa umetulia, dawa hazijabadilishwa miezi ya karibuni na mgonjwa hajalazwa. Swali la kumuuliza wakala ni hili, na muombe akujibu kwa maandishi hata kwa WhatsApp: mama ana presha, ikipanda akiwa kule akalazwa, mnalipa au hamlipi, na mwisho shilingi ngapi? Ukimuuliza tu "inacover kila kitu?" atakwambia ndio, na wala hadanganyi kwa anavyoelewa yeye.

Umri uulize wa siku ya kurudi, sio wa siku ya kununua. Mama wa rafiki yangu alitimiza 75 akiwa katikati ya safari na ikawa shida. Na uulize kama kiwango cha malipo kinapungua kwa wazee, maana kuna mikataba mtu wa miaka 40 na wa miaka 72 wana cheti kinachofanana kwa nje lakini ndani kuna jedwali la umri linalosema vingine.

Pia uhakikishe wakala ana leseni, TIRA wanaweza kukuthibitishia, bima feki za visa zipo na ubalozi ukizigundua unakosa visa na hela.

Kitu kingine ambacho dada aligundua tumeshachelewa, kule Ujerumani mwenyeji naye anaweza kumkatia mgeni wake bima ya wageni, zinauzwa kwa siku, na baadhi yao wanachukua wazee mpaka miaka ya 70 na kitu. Nayo ina masharti yake ya magonjwa ya zamani, usidhani ni tofauti, ila faida yake ni kwamba dada angekuwa anaongea nao moja kwa moja kwa lugha yao badala ya kupitia kwangu Arusha na kwa wakala na kwa makao makuu na kwa kampuni ya tatu. Linganisheni zote mbili kabla ya kulipa.

Dawa abebe za safari nzima na wiki mbili za ziada, na ziwe kwenye begi la mkononi, sio lile linaloingia chini ya ndege. Ujerumani wanaruhusu uingie na dawa zako binafsi za kama miezi mitatu, kwaio haikuwa hata shida ya sheria. Kliniki wakikupa za mwezi mmoja muombe daktari akuandikie na hizo nyingine uzinunue duka la dawa, ni hela lakini ni hela inayoonekana mwisho wake. Na daktari akuandikie barua kwa Kiingereza yenye majina halisi ya dawa, sio ya kampuni, pamoja na dozi na presha yake ya kawaida ikoje. Ile barua kwenye usiku wa dharura ina kazi kuliko cheti cha bima. Na wa kule wajue kwamba sio kila kitu ni 112, kuna namba 116117 ya daktari wa zamu kwa mambo yasiyo ya kufa, mama angesema dawa zimeisha hata siku ya wikiendi wangeelekezwa.

Lakini zaidi ya yote kaeni na mzee muongee hela. Sisi Waafrika tunaona ni aibu kumwambia mzee bei, tunamficha tukidhani tunamheshimu, na yeye anaziwazia peke yake usiku na kuzikadiria kubwa kuliko zilivyo. Mama angejua dawa ni chini ya euro 70 angesema. Hakuna aliyemwambia. Na aliyemkaribisha aulize dawa siku ya kwanza kabisa, azione kwa macho, azihesabu.

Mwaka huu wa 2025 mwezi wa nane mtoto wa mama mdogo aliolewa Nairobi, mama akasema haendi. Akasema ameshasafiri inatosha. Ilituchukua wiki tatu kumshawishi. Nilienda naye mwenyewe kwa wakala, tukakaa wote wawili, fomu nikamuachia yeye akajaza kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Kwenye lile swali akaandika ndiyo, na pale pa maelezo akajaza mistari yote mpaka ikabidi apande pembeni ya karatasi, presha tangu 2011, kiharusi kidogo Oktoba 2024, dawa hizi na hizi. Wakala akasema ngoja niulize makao makuu. Tukasubiri siku nne na ripoti ya daktari juu. Kwa siku saba bei ikaja 96,000, wakati bila ugonjwa ingekuwa elfu 30 na kitu, na wakaandika wazi kwamba kiharusi hawalipii, presha wanalipia dharura tu mpaka dola 3,000. Tukakubali. Ile ya kiharusi mimi na kaka tukaweka milioni moja na nusu kwenye laini yangu tusiiguse mpaka arudi.

Siku ya safari alilala kwangu Njiro, asubuhi nikampeleka kupanda shuttle ya Nairobi. Alikuwa na pochi ndogo ameivaa shingoni ndani ya kitenge, ndani yake barua ya daktari, namba ya simu ya bima ameiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na vidonge vya siku ishirini na moja kwa safari ya siku saba. Kabla gari halijaondoka akafungua dirisha akanionyesha ile pochi. Nikamwambia mama nimeiona. Akaifungua tena akahesabu vidonge mbele yangu.

Dada bado anakatwa euro 200 kila mwezi mpaka mwakani. Mtoto ameanza kutembea.